Hungry Hearts

Hungry Hearts ni filamu ya mwaka 2014 iliyoongozwa na Mwitaliano Saverio Costanzo, kutokana na riwaya ya Marco Franzoso. Mina, Mwitaliano anayeishi New York, anakutana na Jude, Mmarekani, wanapokwama pamoja chooni katika mgahawa wa Kichina.

Wanaoana, wanapata mtoto. Mina anaanza kuogopa kila chakula anachokiona si safi: yeye anakonda, mtoto hakui vizuri, na Jude anamlisha mwanawe nyama kwa siri. Kamera inawabana ndani ya nyumba finyu, na hapo upweke wa ugenini unauma hasa, kwani Mina hana ndugu wa kumkimbilia.

Alba Rohrwacher (Mina) na Adam Driver (Jude) walishinda Kombe la Volpi, tuzo ya waigizaji bora wa tamasha la Venice.