Kubadili Rangi ya Vigae vya Sakafu

Kubadili rangi ya vigae vya sakafu ni kuipa sakafu ya kauri sura nyingine bila kuibomoa. Kigae chenyewe hakibadiliki. Rangi yake ilipikwa tanurini: unga wa kioo uliochanganywa na oksidi za metali, kama kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani, chuma kwa hudhurungi na bati kwa weupe mzito, uliyeyushwa kwa joto la nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi au zaidi, ukashikamana na udongo. Rangi ya kopo haiwezi kuingia ndani ya kioo hicho. Hukaa juu yake tu. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye sakafu lisiwe apake rangi gani, bali ni kitu gani hasa kilichochakaa.

Mara nyingi si rangi ya kigae. Ushahidi wa jambo hili uko katika mwambao wetu wenyewe. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui yalipambwa kwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, na pale vyombo hivyo vilipobaki, rangi zake zilistahimili karne nyingi za jua, mvua na upepo wa chumvi. Vilivyopotea vilivunjika au viling'olewa, havikupauka. Kigae cha jikoni chenye umri wa miaka 30 hakina sababu zaidi ya kupauka kuliko hivyo. Kinachokifanya kionekane kimefifia ni utando wa sabuni, mafuta na chokaa ya maji magumu, pamoja na mikwaruzo myembamba ya mchanga. Utando huondoka. Mikwaruzo haiondoki, kwa kuwa mchanga wa kwatzi ni mgumu kuliko kioo kilicho juu ya vigae vingi.

Tena kuna grauti, kijazo cha nafasi kati ya vigae. Kwenye vigae vya sentimita 30 kwa 30 vilivyoachiwa nafasi ya milimita 5, grauti huchukua kama asilimia 3 tu ya eneo lote. Kwenye vigae vya sentimita 10 inazidi asilimia 9, na kwenye vile vidogo vya sentimita 5, vinavyopendwa bafuni, hufika asilimia 17. Hata ile asilimia 3 imechora miraba ambayo jicho haliwezi kuikwepa. Grauti ya saruji ina vitundu, hunywa maji machafu na kuwa nyeusi, na sakafu nzima huonekana kuukuu ilhali vigae ni vizima. Kuikwangua na kujaza mpya, au kuipaka rangi maalumu ya grauti baada ya kuisafisha na kuikausha, hubadilisha chumba kwa gharama ndogo. Asidi kali ya kusafishia vigae, inayopendwa na mafundi wenye haraka, si msaada hapa: kioo haikiathiri kwa urahisi, lakini saruji ya grauti huila, na ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Ikiwa rangi ya kigae yenyewe ndiyo isiyotakiwa, hapo ndipo kupaka kunapofikiriwa, na kupaka sakafu ni kazi ya kushikisha kabla ya kuwa kazi ya urembo. Kioo ni laini na hakinywi kitu, hivyo rangi haipati pa kujishika. Mafuta yote huondolewa, mng'aro hukwaruzwa kwa msasa hadi ufe, vumbi hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu (vumbi la kauri lina silika na hudhuru mapafu, vioo vya zamani huweza kuwa na risasi), kisha hutangulizwa praima ya kushikia vigae. Rangi inayofaa ni epoksi ya sehemu mbili, ambayo hukauka kwa mmenyuko wa kikemia baina ya sehemu hizo. Kwa kawaida hukanyagika baada ya siku moja au mbili, ingawa ugumu wake kamili huchukua takriban wiki. Epoksi ikipigwa na jua hugeuka manjano, hivyo barazani huhitaji kufunikwa na poliyurethani inayostahimili jua.

Watetezi wa kupaka husema, kwa haki, kwamba kubomoa kuna gharama, kelele na kifusi, na kwamba zipo sakafu zilizopakwa zikadumu. Zipo kweli, lakini tazama zilipo: vyumba vya kulala, ghala, mahali pakavu pasipo na msongamano wa miguu. Mlangoni na jikoni, mchanga uleule ulioshinda kioo utaishinda epoksi mapema zaidi, kwani epoksi si ngumu kama kioo. Katika nyumba ambazo zege la chini halikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, mvuke hupanda kupitia grauti na kuinua rangi kwa malengelenge, yakianzia kwenye miraba. Bafuni pana hatari ya utelezi, na rangi ya mwisho hutiwa chembe za kukwaruza mguu. Ukuta wa jikoni, usiokanyagwa na mtu, ni habari nyingine. Huko hoja ya watetezi ina nguvu.

Vigae vyekundu vya udongo visivyo na kioo havihukumiwi kwa sheria hizi. Hivyo hunywa, kwa hiyo huweza kutiwa rangi ya kupenya kisha kuzibwa kwa nta au dawa ya kuziba, ila rangi yake huweza kukolezwa tu, si kufanywa nyeupe zaidi.

Wengine huona kupaka ni suluhisho la muda mpaka fedha za vigae vipya zipatikane. Hesabu hiyo husahau kwamba vigae vipya vikibandikwa juu ya vile vya zamani, gundi itakuwa imeshika rangi, si kigae, na uimara wote utategemea tabaka hilo jembamba. Fundi makini ataikwangua rangi kwanza, na kazi hiyo ni nzito kuliko ya kuipaka.