Habari za Mikoko ya Rufiji

Sisi tukaao Bariadi tu mbali na bahari, na Mto Simiyu humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria; kwa hiyo wengi wetu hatujauona mkoko. Mkoko ni mti uotao katika tope la pwani, mahali ambapo maji ya chumvi hujaa na kupwa kila siku. Katika Tanzania msitu wa mikoko ulio mkubwa kupita yote uko pale Mto Rufiji uingiapo baharini. Kati ya mizizi yake kamba na samaki hukulia, kaa huchimba mashimo, na katika vijito hukaa viboko na mamba.

Tangu kale majahazi ya Arabuni yalikuja na pepo za kaskazi, yakarudi na kusi yamejaa boriti. Nchi zile ni kame, hazina miti mirefu ya kutosha. Nyumba za Kuwait na Bahrain ziliezekwa kwa boriti za pwani yetu. Hata katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu vyumba ni vyembamba, maana upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti.

Mwaka 1898 Wadachi waliuweka msitu huo chini ya ulinzi wa serikali. Mwaka 1987 serikali ya Tanzania ilikataza kabisa kukata mikoko, na mwaka 1991 ukatolewa mpango wa kuitunza. Lakini wenyeji hujenga kwa miti hiyo, na wengine huifyeka wapate mashamba ya mpunga. Si haki kuwaita wezi. Mababu zao waliutumia msitu kabla ya sheria hizo.

Katika jambo hili Usukuma una la kufundisha. Wazee wetu walitenga ngitili wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili malisho yawepo kiangazi. Miti ilipofyekwa mno, ngitili nyingi zikatoweka. Kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga ilipoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado katika mkoa huo, watu walizirudisha upesi, maana desturi ilikuwa yao wenyewe. Basi amri peke yake hailindi msitu. Huulinda vema yule aishiye kwao, akiwa na neno katika kuugawa.