Kinyago cha Diouana: Sembène Ousmane na Somo la Kutazama

Mwaka 1934 serikali ya Ufaransa ilitoa amri kuhusu upigaji wa filamu katika makoloni yake ya Afrika. Amri hiyo, iliyobeba jina la waziri Pierre Laval, ilimtaka kila aliyekusudia kupiga picha za sinema huko aombe kwanza idhini ya watawala na awaoneshe maandishi ya kile alichotaka kukisimulia. Haikutamka wazi kwamba Mwafrika asishike kamera. Haikuwa na haja ya kutamka. Paulin Vieyra, mzaliwa wa Dahomey aliyesomea sinema Paris, alipotaka kutengeneza filamu fupi pamoja na wenzake mwaka 1955, waliipigia huko huko Paris na kuiita Afrique-sur-Seine, yaani Afrika iliyo ukingoni mwa mto Seine. Watu waliozuiliwa kujipiga picha kwao walilazimika kujitazama ugenini.

Hapana budi jambo hili litangulie kabla ya kuzungumzia zile zinazoitwa filamu huru. Kwa Wamarekani, uhuru wa filamu aghalabu ni suala la fedha: filamu ni huru ikiwa haikugharimiwa na makampuni makubwa ya Hollywood. Katika Afrika ya miaka ya 1960 fedha lilikuwa jambo moja tu kati ya mengi. Palikuwa na suala la nani aseme, aseme kwa lugha gani, na kwa mwendo upi wa kusimulia. Aliyeyakabili masuala hayo yote kwa pamoja alikuwa Sembène Ousmane wa Senegal.

Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, akiwa mtoto wa mvuvi. Alipigana vita vya pili vya dunia katika jeshi la kikoloni la Ufaransa, kisha akawa mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille. Bandarini humo ndimo alimoanza kuandika. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956, na mwaka 1960 ikatoka Les bouts de bois de Dieu, riwaya kubwa juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli. Kwa kipimo chochote alikuwa tayari ni mwandishi mwenye jina. Lakini aliandika kwa Kifaransa, na watu aliowaandika walikuwa wengi wao hawasomi Kifaransa, wala hawasomi kabisa. Basi mwaka 1962, akikaribia umri wa miaka 40, mtu huyu alikwenda Moscow kuanza upya kama mwanafunzi, akajifunza kazi ya filamu katika studio ya Gorky chini ya Mark Donskoy. Baadaye alipenda kuiita sinema shule ya usiku.

Filamu aliyorudi nayo nyumbani, Borom Sarret ya mwaka 1963, ina urefu wa dakika 20 hivi. Inafuata siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi katika mji wa Dakar. Anawapakia watu wasio na nauli. Anampa mwimba sifa chumo lake lote kwa kuwa amesifiwa wazee wake. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga hadi makaburini, ambako baba huyo anazuiwa mlangoni kwa kuwa karatasi zake hazikukamilika. Mwisho anamchukua mtu aliyevaa vizuri anayetaka kupelekwa Plateau, mtaa wa wakubwa ambao mikokoteni hairuhusiwi kuingia. Polisi anamsimamisha. Nishani ya mwendesha mkokoteni, aliyoipata vitani, inadondoka chini, na polisi anaikanyaga kwa kiatu.

Kiatu juu ya nishani: picha hiyo haichukui ila muda mfupi mno, na hakuna anayeisemea neno. Mtazamaji aliyezoea kuelezwa kila kitu huipita. Lakini imebeba hesabu nzima ya askari wa Kiafrika walioipigania Ufaransa, na pia hesabu ya dola mpya iliyorithi viatu vya ile ya zamani, kwani polisi huyo ni Msenegali, na nchi imekwishapata uhuru wake tangu mwaka 1960.

Ama filamu iliyomjulisha Sembène kwa ulimwengu ni La Noire de… ya mwaka 1966, iliyotokana na hadithi fupi yake mwenyewe. Kisa chake kinaweza kusemwa kwa pumzi moja. Diouana, msichana wa Dakar, anaajiriwa na mke na mume wa Kifaransa kuwaangalia watoto. Waajiri wake wanaporudi Ufaransa wanamwita awafuate Antibes, mji wa starehe kwenye pwani ya Mediterania. Anafika akiwa na nguo zake nzuri na viatu vyenye visigino virefu, akitumai kuiona Ufaransa. Anachokiona ni jiko, bafu na sebule. Amekuwa mpishi, mfuaji na msafishaji. Bibi mwenye nyumba anamwamuru avue hata viatu vile. Mgeni mmoja anamrukia na kumbusu, kwa hoja kwamba hajapata kumbusu mwanamke mweusi. Mwishowe msichana anajiua bafuni.

Katika mikono ya mtengenezaji wa kawaida kisa hiki kingekuwa cha kuliza watu, chenye matusi, mapigo na mvua ya machozi. Sembène hakuchukua njia hiyo. Waajiri wake si majitu. Ni watu wadogo waliochoka, wanaogombana wao kwa wao, na bwana hata ana haya kidogo. Ukatili umo katika mambo ya kila siku: kahawa, wali, mlango wa chumba, kengele. Diouana mbele yao hasemi ila maneno machache ya kuitikia. Lakini mtazamaji anaisikia sauti yake ya ndani mfululizo, akijiuliza, akikumbuka, akikataa. Mtazamaji peke yake ndiye anayejua kwamba msichana huyu, ambaye waajiri wake wanadhani hana la kusema, amejaa maneno.

Ufundi huo ulizaliwa kwa sehemu na ufukara. Sauti haikurekodiwa papo hapo pamoja na picha, bali ilitiwa baadaye, na sauti ya Diouana si ya mwigizaji wake, Mbissine Thérèse Diop, bali ni ya mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe, tena kwa Kifaransa. Mtu anaweza kuiita kasoro, kwa kuwa msichana wa Dakar asingewaza kwa Kifaransa fasaha namna ile. Hata hivyo kasoro hiyo inaungana na kisa kwa namna isiyoweza kutenganishwa nacho. Diouana amenyang'anywa kila kitu, na hata ulimi wa kuyawaza mateso yake ni wa kuazima. Barua inapofika kutoka kwa mama yake, ni bwana anayeisoma, na ni bwana anayeanza kumwandikia jibu asilomwambia. Diouana anaichana.

Kisha kipo kinyago. Kinaonekana kwanza mikononi mwa mdogo wake Diouana huko Dakar. Diouana anakinunua kwa mtoto na kuwapa waajiri wake kuwa zawadi, kwa furaha ya kupata kazi. Katika nyumba yao ya Dakar kinawekwa pamoja na vitu vingine vya sanaa ya Kiafrika. Huko Antibes kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe mtupu. Diouana anapokata shauri anakichukua, na bibi mwenye nyumba anakivuta, na wanawake wawili wanagombea kipande cha mti. Baada ya kifo, bwana anakirudisha Dakar pamoja na sanduku la marehemu na pesa za mshahara. Mama anazikataa pesa. Mtoto anakivaa kinyago usoni na kumfuata Mfaransa yule nyuma nyuma, mtaa kwa mtaa, na Mfaransa anageuka, anaharakisha, anageuka tena, mpaka anapolifikia gari lake na kukimbia. Mtoto anakishusha kinyago, na uso wake unaonekana.

Mpenzi wa ushairi ataona mara moja kilichofanyika hapa. Kinyago ni kituo. Kinarudi mwishoni mwa kila ubeti kikiwa kile kile, na kila kinaporudi maana yake imekwishabadilishwa na mishororo iliyotangulia: mwanzo ni kitu cha mchezo, kisha zawadi, kisha pambo, kisha haki inayodaiwa, na mwisho ni shahidi. Sembène hakumweka mtu yeyote wa kuyaeleza haya. Naye msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba kitu kinaweza kusema. Mwanamke anayempelekea mwenzake kanga, au anayepita mbele ya mlango wake akiwa amejifunga kanga ya jina fulani, amekwishatoa hotuba yake bila ya kufungua kinywa.

Ni ajabu basi kwamba filamu za namna hii, zilipofika visiwani, zilipokewa na wengi kwa miayo. Sababu iko wazi. Hadhira ya Zanzibar ililelewa na senema za Majestic na Empire, na zaidi kuliko zote na picha za Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa kwa kiasi ambacho watu waliimba nyimbo zake bila ya kujua Kihindi, na waimbaji wa taarabu wakazichukua tuni za senema na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Malezi hayo si ya kudharauliwa. Yalifundisha kufuata kisa cha saa tatu, kuhukumu sauti, kuona machozi yanapotoka moyoni na yanapotoka jichoni tu. Lakini yalimzoesha pia mtazamaji kwamba muziki humtangulia na kumwambia ahisi nini. Mtazamaji huyo akiwekwa mbele ya Diouana anayepiga deki kwa kitambo kirefu, husubiri jambo litokee. Hajaambiwa kwamba kitambo chenyewe ndicho jambo. Mtu huyu huyu ukimsomea shairi la Muyaka hataliacha kwa kuwa halikumfungukia mara ya kwanza. Atalirudia, atamuuliza mwenziwe, atabishana juu ya fumbo lake barazani hadi jioni. Subira anayo, ila hajafikiri kuipeleka senema.

Filamu ya Sembène iliyowafikia watu wake kwa wepesi zaidi ni Mandabi ya mwaka 1968, na sababu mojawapo ni lugha. Hii ndiyo inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza katika lugha ya Kiafrika, Kiwolof. Fedha zilizoiwezesha zilitoka Ufaransa, na zilikuja na masharti, hata ikabidi itengenezwe pia kwa Kifaransa, waigizaji wakirudia maneno yao kwa lugha ya pili. Inamhusu mzee Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na asiye na kazi, ambaye mpwa wake aliyeko Paris anamletea hawala ya posta ya faranga 25,000. Hawezi kuichukua pesa bila ya kitambulisho. Hapati kitambulisho bila ya cheti cha kuzaliwa. Hapati cheti bila ya kuijua tarehe aliyozaliwa. Na kila dirisha linamrudisha kwenye dirisha jingine. Wakati huo majirani wamekwishasikia, na wanakuja kukopa pesa ambayo haijaonekana.

Filamu inaanza kwa kinyozi. Dieng ameketi nje, ananyolewa kichwa, kisha wembe unaingizwa puani kumsafisha, na kamera inakaa hapo hapo, karibu mno, bila ya haraka. Watazamaji hucheka, tena wengine huona kinyaa. Lakini kwa dakika hizo wamemjua Dieng: mtu anayejipenda, anayependa kuhudumiwa, aliyeyaacha maungo yake mikononi mwa wengine akiwa na imani nao. Kila atakayemhudumia baadaye, pamoja na yule jamaa mjanja atakayemdhulumu hawala yenyewe, ameshaoneshwa katika wembe ule.

Uhuru wa bendera haukumwondolea Sembène waangalizi. Ceddo, ya mwaka 1977, inayosimulia namna dini na biashara ya watumwa zilivyoupambanisha mji mmoja, ilizuiwa nchini Senegal. Hoja iliyotolewa na serikali ilikuwa ya tahajia: Rais Léopold Sédar Senghor, mshairi na mwanasarufi, alishikilia kwamba neno hilo kwa Kiwolof liandikwe kwa d moja, na Sembène akashikilia kwamba ni d mbili. Wachache waliamini kuwa herufi ndiyo iliyokuwa tatizo. Hata hivyo washairi wa Lamu na Mombasa, ambao lahaja zao zilisahihishwa kwa kalamu nyekundu tangu Kiswahili sanifu kilipojengwa juu ya Kiunguja katika miaka ya 1930, hawatacheka sana kuona mtu akikataa kutoa herufi moja.

Sembène alizichukua filamu zake mwenyewe vijijini, akazionesha, kisha akabaki kuzungumza na watu hadi usiku. Zanzibar iliupata utaratibu wa namna hiyo kwa Tamasha la Nchi za Jahazi, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Pamoja na maonesho ya Ngome Kongwe, tamasha lilizipeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba.

Filamu ya mwisho ya Sembène, Moolaadé, ilitoka mwaka 2004, miaka mitatu kabla ya kifo chake mjini Dakar. Ilipigwa katika kijiji kimoja cha Burkina Faso. Mwanamke mmoja, Collé, anawapa hifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa, na hifadhi hiyo ni uzi wa rangi uliofungwa kukingamisha mlango wa ua wake. Mtu mzima angeweza kuuvuka kwa hatua moja. Hakuna anayethubutu. Wanaume wa kijiji, kwa kuona kwamba wanawake wao wameharibiwa na yale wanayoyasikia, wanazikusanya redio zao mbele ya msikiti na kuzitia moto, na baadhi ya redio hizo zinaendelea kusema ndani ya lundo. Juu ya kilele cha msikiti limesimama yai la mbuni, kama lilivyosimama miaka yote. Katika picha ya mwisho kamera inaliangalia yai hilo, kisha mahali pake panatokea erio ya televisheni.