Uraia uliokaa miaka minne bila karatasi

Wadau, sisi waandishi tukienda kwenye sherehe ya kukabidhi vyeti vya uraia huwa tunapiga picha moja: kiongozi anatabasamu, raia mpya anapokea cheti kwa mikono miwili. Kesho yake picha iko ukurasa wa mbele. Leo naomba tuangalie hicho cheti kilikuwa wapi kabla ya picha.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1972, Warundi wengi walikimbia mauaji kwao wakaingia Tanzania. Serikali ikawapa ardhi kwenye makazi matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambayo leo yako Katavi. Wakafyeka pori, wakalima, wakazaa. Lakini kisheria walibaki wakimbizi, na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali.

Mwaka 2007 wakahesabiwa, wakapatikana takriban 218,000. Wakaulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania? Karibu wanne kati ya kila watano wakachagua Tanzania. Tusishangae. Wengi walizaliwa hapa hapa, na Burundi waliijua kwa simulizi za wazee tu.

Kufikia 2010 serikali ilikuwa imekubali maombi ya zaidi ya watu 162,000. Dunia ikapiga makofi, na kwa haki kabisa, kwani nchi zinazotoa uraia kwa wakimbizi kwa wingi namna hiyo ni za kuhesabu.

Sasa hapo ndipo penye mushkeli. Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili; anayetaka tajnisi anaukana ule wa kwanza. Na mpango wenyewe ulitaka raia hawa wapya wahame makazi, watawanyike mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Mpango wa kuwahamisha ukakwama, na vyeti navyo vikakwama.

Hebu fikiria, ndugu yangu. Burundi umeikana. Ukimbizi umekwisha. Utanzania umetangaziwa, lakini ukiambiwa uthibitishe, huna cha kuonyesha. Wewe ni nani? Wengine wakaogopa hata kupanda mazao ya kudumu au kukarabati nyumba, maana hawakujua watakuwa wapi msimu ujao.

Hali hiyo ilidumu hadi Oktoba 2014, Rais Jakaya Kikwete alipozindua utoaji wa vyeti Tabora. Sharti la kuhama kwanza halikuwepo tena. Uchaguzi Mkuu wa 2015 ulikuwa umebakiza mwaka mmoja, na sasa mtu aliweza kusimama foleni ya kujiandikisha akiwa na ushahidi mkononi.

Siibezi hatua ile hata kidogo. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa mambo makubwa ambayo Tanzania imewahi kufanya. Ila historia yetu inapenda kukumbuka siku ya sherehe na kusahau miaka ya kusubiri. Cheti cha uraia si zawadi ya kukabidhiwa kwa wakati unaompendeza mtoaji. Ukishamwambia mtu kuwa ni mwenzetu, karatasi yake ni mali yake.

Kwa hiyo tukitumwa tena kupiga ile picha, tuulize na swali moja dogo: mheshimiwa, cheti hiki kilisainiwa lini?

Naomba kuwasilisha.