Matundu ya Ukambani

Mtu akitaka kuijua historia ya kasuku wa Ukambani, na aanze na matundu ya miti. Kasuku tunayemwona katika nyika kavu za Kitui na Makueni, dume mwenye tumbo la rangi ya chungwa na jike mwenye la kijani, hachongi tundu tangu mwanzo kama kigogota. Hutafuta lililokwisha kuwapo: mbuyu uliooza ndani, shimo alilolihama ndege mwingine, hata kichuguu. Mimi ni seremala wa hapa Tawa, na gogo lenye uwazi kwangu ni hasara tupu. Kwake ndiyo nyumba.

Zamani miti mikongwe ililindwa na mambo mawili. La kwanza ni ithembo, kichaka cha matambiko walikokwenda wazee kuomba mvua, mara nyingi penye mkuyu mkubwa. Kukata mti pale kulikuwa mwiko. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi kwetu mwaka 1911 na 1912, aliandika juu ya mahali hapo pa ibada katika kitabu chake cha 1920. La pili ni asali. Mizinga ya magogo ilitundikwa matawini, kila mmoja na alama ya mwenyewe, na asali yake ilitengeneza pombe ya wazee na kuingia katika mahari. Nani angekata mti wenye mzinga wa mwenzake? Isitoshe, nyuki hugombania matundu na ndege, na nadhani mzinga uliwapunguzia kasuku ushindani huo, ingawa aliyeutundika hakuwa na habari nao.

Ukristo ulipoenea, mathembo mengi yalikosa wazee wa kuyatunza. Mashamba yakapanda vilima vya Mbooni, kisha makaa yakapata soko Nairobi. Magunia yalikuwa yakishuka barabarani usiku na mchana, hata mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ikapiga marufuku kuyasafirisha nje ya kaunti. Mchoma makaa hupenda mti mkubwa, na mti mkubwa ndio wenye tundu.

Mijini mambo yalikwenda kinyume. Cherero, kasuku wadogo ambao kwao ni kaskazini mwa Tanzania, walipewa majina ya kisayansi na Anton Reichenow mwaka 1887. Mmoja anaitwa kwa jina la mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer. Walikamatwa kwa wingi kuuzwa ng'ambo, hadi Tanzania ilipositisha biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliotoroka vizimbani walizaana Naivasha, Nairobi na Mombasa, aina mbili zikachanganyika. Hao hukaa popote penye upenyo: gogo la mgunga, chini ya mabati, ukutani palipobanduka. Jike hubeba vipande vya magome ya mti kwa mdomo na kujenga ndani ya tundu kiota chenye paa. Binamu yao wa Namibia na Angola huchomeka vipande hivyo katika manyoya ya mgongoni. Mmarekani William Dilger aliwazalisha pamoja, na mwaka 1962 akaeleza jinsi chotara walivyohangaika: wanachomeka, vinaanguka, wanarudia, na ilichukua muda mrefu wajifunze kubeba kwa mdomo. Ufundi huo wa kujenga wamezaliwa nao.

Kasuku wetu wa nyika hajazoea mabati kama cherero. Ndiyo maana nawaomba wanaoniletea magogo wauache mti wenye uwazi, nami siununui kwa bei yoyote. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga kasuku wa porini bila kibali, lakini vijana bado hupasua shina kwa shoka ili wafikie makinda. Makinda wakichukuliwa, wazazi wanaweza kutaga tena msimu ujao. Shina likipasuliwa hawana pa kutagia, maana uwazi ule mti uliufanya kwa kuoza polepole, miaka mingi kuliko umri wa aliyeupasua.