Kodi Iwe Rahisi, Lakini kwa Nani?

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipounda Tume ya Maboresho ya Kodi mwaka 2024, chini ya Balozi Ombeni Sefue, neno kurahisisha limezoeleka kama salamu. Sina ugomvi nalo. Mwenye duka anayedaiwa leo leseni, kesho ushuru wa huduma, keshokutwa ada ya zimamoto, ana haki ya kulalamika. Lakini naomba tukumbushane jambo.

Kodi rahisi kupita zote tulikwisha kuwa nayo. Wajerumani waliianza mwaka 1898: huko vijijini, rupia 3 kwa kila nyumba. Hakuna daftari la mauzo wala mahesabu. Karani anahesabu mapaa, basi. Mwenye kundi la ng'ombe na mwenye kuku wawili, nyumba ni nyumba. Asiyekuwa na fedha alilazimika kutafuta kibarua, na hilo lilikuwa mojawapo ya makusudio. Kodi hiyo, pamoja na kulimishwa pamba kwa nguvu, ni miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza nao wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa.

Serikali huru iliifuta mwaka 1969. Halmashauri zilipofufuliwa miaka ya 1980, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo. Watu hawakudanganyika na jina. Waliita kodi ya kichwa kama kawaida.

Mimi naikumbuka kwa miguu. Siku za mnada mgambo walifunga kamba njiani, na mimi, mtoto wa shule ya msingi, nilitangulizwa mbele kama mpelelezi. Nikiwaona, naanza kuimba kwa sauti. Baba anakata kona kwenye mihogo. Mwaka mmoja hakuiwahi kona. Walimweka ofisi ya kijiji hadi jioni, mama akauza madebe mawili ya mahindi kwa bei ya kutupa. Tangu siku hiyo baba aliibeba ile stakabadhi kwenye mfuko wa shati, hata akienda msibani.

Waziri wa Fedha Basil Mramba aliifuta katika bajeti ya 2003/04, pamoja na rundo la ushuru mdogo mdogo wenye kero. Halmashauri zikapewa ruzuku ya kufidia, na zikazoea kutazama Hazina.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ilikuja na ngazi za makadirio kwa mfanyabiashara mdogo: anayetunza kumbukumbu analipa pungufu ya asiyetunza. Ni ngumu kidogo kuliko kuhesabu mapaa, lakini angalau inamtazama mtu mwenyewe. Tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021, kinyume chake, ilikuwa rahisi ajabu. Mtambo wenyewe ulikata. Fedha ya ada ya mtoto na fedha ya starehe, kwake zote mamoja. Kelele zilikuwa kubwa, ikapunguzwa mwaka ule ule.

Juzi nilimweleza baba habari za tume. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Safari hii watahesabu nini?"

Nilimwambia wataalamu wanalizungumzia. Akacheka, akaniomba nimsogezee redio.