Divai ya Nyumbani Katika Miaka ya Marufuku

Siku ya tarehe 17 Januari, 1920, Marekani ilianza kuishi chini ya badiliko la 18 la Katiba yake, lililoharimisha kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo. Wenye mashamba ya mizabibu huko California walijiona wamekwisha, na wako waliong'oa mizabibu yao kwa kukata tamaa. Lakini kabla ya miaka kumi kupita mashamba hayo yalikuwa yamekaribia kuwa maradufu. Mintarafu ya ajabu hii hatuna budi kutazama mahali pawili: kifungu kimoja cha sheria, na vyumba vya chini vya nyumba za watu, ambao wengi wao hawakuwa wamepata kukamua zabibu hata siku moja.

Sheria iliyotimiza badiliko hilo, iitwayo ya Volstead, ilipitishwa mwaka 1919. Ilihesabu kuwa kileo kila kinywaji chenye alkoholi ya nusu ya sehemu moja katika mia, au zaidi. Hata hivyo kifungu chake cha 29 kilimwepusha na adhabu mtu atengenezaye maji ya matunda yasiyolevya, kwa matumizi ya nyumbani kwake tu. Kulevya ni nini? Kifungu hakikusema. Mjumbe wa Bunge kutoka Maryland, John Philip Hill, aliamua kulipeleka swali hilo mahakamani kwa nafsi yake. Alitengeneza divai na maji ya matofaa nyumbani kwake katika mji wa Baltimore, tena kwa kutangaza, mpaka akashtakiwa mwaka 1924. Hakimu alitamka kwamba kipimo cha nusu ya sehemu moja hakikuyahusu maji ya matunda ya nyumbani. Lililopasa kuthibitishwa ni kama yalilevya kweli. Wazee wa baraza wakamwachilia huru. Tangu hapo serikali ilikuwa na mzigo wa kuthibitisha ulevi wa kila pipa katika kila nyumba, mzigo usiochukulika.

Kazi yenyewe si ya siri. Mgema wa pwani yetu hahitaji kufundishwa kwamba tembo lililo tamu asubuhi huwa kali jioni, na zabibu zina tabia hiyo hiyo: zikipondwa, hamira hula sukari yake na kuacha alkoholi na hewa ya ukaa. Kadiri ya gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa sehemu moja katika mia ya alkoholi. Kwa hiyo maji ya zabibu zilizoiva vema, yenye gramu 220, huwa divai ya sehemu kumi na tatu bila ya kuongezwa kitu. Mwanafunzi wa kazi hii huanguka penye mambo mawili. Akiiacha divai wazi, hewa huigeuza siki. Akiharakisha kuifunga katika chupa ilhali bado inachemka, chupa hupasuka. Dawa ni mrija wa kutolea hewa uliozamishwa majini, na subira, ambayo ni haba kuliko mrija.

Wahamiaji wa Kitaliani waliijua kazi hii tangu kwao. Majirani zao walijifunza. Kila msimu wa mavuno mabehewa yaliyopozwa kwa barafu yalivuka bara zima mpaka Chicago na New York yakiwa yamejaa zabibu. Safari ilikuwa ya siku nyingi, na zabibu bora aghalabu zina ngozi nyembamba. Ndipo wakulima walipoitukuza Alicante Bouschet, zabibu ya asili ya Ufaransa, yenye ngozi nene na nyama nyekundu. Haikuoza njiani, na rangi yake ilikuwa nzito hata mtu akaweza kukamua mara ya kwanza, kisha kutia maji na sukari juu ya makapi na kukamua tena. Mizabibu ya divai njema iliondolewa ili kuipisha.

Wasio na nafasi ya kukamua waliuziwa zabibu zilizokaushwa na kushindiliwa kama tofali, pamoja na onyo la kutoziloweka na kuziacha siku nyingi, zisije zikawa divai. Onyo hilo lilikuwa ndilo funzo. Baadaye ikaja Vine-Glo, maji mazito ya zabibu yaliyopelekwa mpaka nyumbani, na mtumishi wa kampuni akaja kuyaangalia hata yakawa tayari. Mwanasheria wa kampuni hiyo alikuwa Mabel Walker Willebrandt, yule yule ambaye hapo nyuma alisimamia mashtaka ya serikali dhidi ya wavunjaji wa marufuku. Biashara hiyo iliachwa mwaka 1931.

Marufuku yaliondolewa tarehe 5 Desemba, 1933. Wengi huhesabu hasara yake kwa majambazi na risasi. Mimi naona mizabibu nayo ina haki ya kuhesabiwa. Mzabibu uliopandwa leo hauzai vema mpaka miaka mitatu au minne ipite, na mashamba yalikuwa yamejaa zabibu za safari. Katika miongo iliyofuata Wamarekani walinunua zaidi divai tamu zilizotiwa nguvu, na divai ya mezani haikuzishinda mpaka miaka ya 1960. Nyumbani, ruhusa ya divai ilidumu, ila pombe ya shayiri haikupewa ruhusa kama hiyo. Aliyetaka kuitengeneza jikoni kwake alingoja mpaka mwaka 1978, Rais Carter alipotia sahihi sheria mpya: galoni 200 kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili, wala zisiuzwe.